Ahadi ni deni, lakini ni deni la nani?

Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakutuambia deni hilo hulipwa na nani iwapo aliyeahidi amekwisha kuingia kaburini. Swali hilo limenisumbua tangu utotoni, na majuzi lilibisha hodi mlangoni mwangu hapa Kondele likiwa limevaa suti na kushika mfuko wa sukari.

Aliyebisha alikuwa mchumba wa binti yangu. Binti huyu ndiye kifungua mimba wangu, aliyezaliwa mwaka 1997, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumleta kijana nyumbani kwa heshima zote. Tulikunywa chai, tukaulizana habari za kwao na za kwetu. Nje, makanga walikuwa wakiita abiria wa Kakamega kama kawaida yao. Kijana alikuwa na adabu, nami nilimpenda.

Ndipo nikamwuliza, "Mwanangu, umewahi kupimwa damu?"

Kikombe kilimtikisika mkononi. Nadhani alifikiri nauliza habari za Ukimwi. Binti yangu aliinamisha kichwa, kwa maana yeye alijua ninachouliza. Sikumwuliza kijana wa watu kwa ujeuri, ndugu msomaji. Nilimwuliza kwa sababu ya marehemu kaka yangu, na kwa sababu ya nadhiri ambayo babu yetu aliiweka mwaka 1951.

Baba yangu wakati huo alikuwa mtoto wa miaka mitano huko Seme, karibu na Ziwa. Alishikwa na homa kali ya malaria, akawa anatetemeka na kuweweseka. Babu alikuwa tayari amezika watoto wawili. Usiku wa tatu alimbeba mwanawe mpaka kwa kikundi cha waumini wa Roho waliokuwa wakisali kijijini, akapiga magoti mbele yao wote. Akasema kwamba mtoto huyu akipona, yeye atalijengea kanisa nyumba, na mtoto mwenyewe atakuwa wa Mungu, atatumika madhabahuni maisha yake yote.

Baba alipona.

Mwambao huu wa Ziwa Viktoria ni nchi ya nadhiri. Hapa ndipo Yohana Owalo alipoanzisha kanisa la Nomiya mwaka 1914, mojawapo ya makanisa ya kwanza ya Waafrika kujitenga na wamishonari katika Kenya. Hapa ndipo vuguvugu la Roho lilipoenea, likampoteza kiongozi wake Alfayo Odongo Mango aliyeuawa kule Musanda mwaka 1934. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 likazuka Legio Maria chini ya Simeo Ondeto, na hadi leo mahujaji hupanda Got Kwer. Katika makanisa haya mtu haweki nadhiri kimoyomoyo. Huitamka kwa sauti, watu wakasikia, na kijiji kizima kikawa shahidi. Hata lugha yetu inakumbuka uzito wa jambo hilo, kwani neno tunaloitia Biblia kwa Kijaluo, yaani Muma, ndilo neno letu la zamani la kiapo. Kiapo kwetu huliwa, kama vile Waswahili nao wanavyokula kiapo. Na kilicholiwa hakitapikwi kwa urahisi.

Basi babu alikila kiapo chake, lakini hakukitimiza. Mwaka wa kwanza mavuno yalikuwa haba. Mwaka wa pili alipata kazi ya mbali. Baadaye alikosana na wazee wa kanisa lile kwa sababu ya mpaka wa shamba. Baba naye akapelekwa shule, akaja Kisumu, akaajiriwa kiwandani, akapanga chumba Kondele, akaoa, akanizaa mimi. Wala hakutumika madhabahuni hata siku moja. Babu alifariki dunia mwaka 1975, nadhiri ikiwa bado haijalipwa.

Mwaka uliofuata Mama alijifungua mvulana. Kwetu wafu hawaendi mbali. Marehemu anaweza kumjia mtu wa ukoo katika ndoto na kudai jina lake, na mtoto asipopewa jina hilo atalia mpaka watu wamtambue. Nyanya aliota babu ameketi mlangoni mwake akiomba maji. Asubuhi yake hapakuwa na mjadala. Kaka yangu akaitwa jina la babu, na Nyanya akawa anamwita "Jaduong'", mzee. Alikuwa akimtania kwamba yeye ndiye mumewe aliyerudi, na kumwuliza kwa nini amemwacha peke yake mwaka mzima.

Alipofikisha miezi sita, mikono na miguu ya Jaduong' ilivimba kama mikate. Alilia usiku na mchana. Tangu hapo ikawa hivyo: siku za furaha, halafu ghafla maumivu ya mifupa yanayomkunja kama karatasi motoni. Macho yake yalikuwa ya manjano. Akawa mdogo kuliko wenzake wote wa Kondele, ingawa ulimi wake ulikuwa mrefu kuliko wetu sote kwa mzaha.

Mama alizaa mwingine, akafa kabla ya mwaka. Aliyefuata aliwekwa juu ya jaa, jirani akajifanya kumwokota na kumrudisha kwetu kama mtoto wa watu, ili mauti yasimtambue. Ukikutana na mtu aitwaye Owiti au Awiti, yaani aliyetupwa, pengine umekutana na historia kama hiyo. Dada yangu huyo yu hai hadi leo.

Lakini Jaduong' hakuwa na pa kujificha. Siku moja mwanamke mmoja mwenye karama ya unabii aliitwa nyumbani. Alisali, akanyamaza, kisha akasema jambo ambalo wazee wote walikuwa wakilifikiri: huyu mtoto si mtoto. Huyu ni mzee aliyerudi kulipa kwa mwili wake kile alichokataa kulipa kwa mali yake.

Nilikuwa msichana wa kama miaka kumi na miwili, nikisikiliza nyuma ya pazia. Kaka yangu alikuwa amelala upande wa pili wa pazia hilo hilo. Alikuwa na miaka sita, na alisikia kila neno. Usiku aliniuliza, "Dada, mimi nilikataa kulipa nini?"

Sikuwa na jibu. Hata leo nikilikumbuka swali hilo, koo hunikauka.

Baba alichukua muda kuikusanya fedha, lakini aliilipa nadhiri. Mwaka 1985 aliuza ng'ombe wawili, akanunua mabati na misumari, akayapeleka Seme kwa matatu. Kanisa lililokuwa la nyasi likaezekwa. Watu waliimba, ngoma zikalia, Jaduong' akabebwa mabegani. Kwa miezi minne hakuumwa, na nyumba yetu ikajaa kicheko. Halafu maumivu yakarudi kama mpangaji aliyekuwa amekwenda likizo.

Hapo ndipo nilipojifunza ubaya wa maelezo ya namna hii. Hayashindwi kamwe. Tulipokuwa hatujalipa, ilikuwa ni kwa sababu hatujalipa. Tulipolipa, ikawa ni kwa sababu tumechelewa, deni limezaa. Wengine wakamgeukia Mama, wakasema labda kwao pia kuna chira ya jambo lililofichwa. Baba hakumtetea. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hufurahi kuona lawama ikihamia nyumba nyingine.

Mwaka 1987, kaka yangu akiwa na miaka kumi na mmoja, alishikwa na homa jioni. Toka nyumbani kwetu hadi ile hospitali kubwa tunayoiita "Russia", iliyojengwa kwa msaada wa Warusi na kufunguliwa Oktoba 1969, si mwendo mrefu hata kwa miguu. Lakini tulikwisha kuzoea kwamba ugonjwa wake si wa hospitali. Tulikesha tukimwombea. Alfajiri, jogoo wa kwanza alipowika, Jaduong' aliomba maji kama babu katika ile ndoto. Tulipomletea alikuwa amekwenda.

Nilipomaliza shule nilipata kazi ya ukarani katika duka la vitambaa mjini. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu. Siku moja nikamweleza habari za kaka yangu. Hakucheka. Alinisimulia kisa cha Amba katika utenzi wao mkuu uitwao Mahabharata. Bhishma aliapa kutooa maisha yake yote, ili baba yake aweze kumwoa mwanamke aliyempenda. Baadaye alimteka binti mfalme aitwaye Amba ili aolewe na nduguye. Binti huyo alikuwa na mchumba wake. Bhishma akamwachilia, lakini mchumba akamkataa. Amba akarudi kwa Bhishma amwoe yeye, naye hakuweza kwa sababu ya kiapo chake. Kwa uchungu, Amba aliapa kumwangamiza hata kama ni katika maisha mengine. Akafa, akazaliwa upya kama Shikhandi, na vitani Bhishma alipoiweka silaha chini mbele ya Shikhandi, mishale ya Arjuna ikamwangusha.

"Unaona?" mzee aliniambia. "Kiapo kimoja cha wema kilizaa kiapo kingine cha chuki. Usiape ukiwa na hasira, wala ukiwa na hofu."

Nikaona kwamba sisi wa Seme hatukuwa peke yetu. Wengi wetu tuliisoma shuleni riwaya ya Chinua Achebe, ile iliyotafsiriwa kwa jina la *Shujaa Okonkwo*, tukamwona Ezinma, mtoto aliyedhaniwa kuwa *ogbanje*. Waigbo waliamini kwamba mtoto wa aina hiyo hufa na kuzaliwa tena na tena kwa sababu ya agano na dunia ya mizimu, na kwamba kitu cha agano hilo kimefukiwa mahali, lazima kichimbuliwe. Miaka ya baadaye madaktari wa Nigeria waliandika kwamba wengi wa watoto walioitwa hivyo huenda walikuwa na ugonjwa mmoja wa damu. Lakini hayo nilikuja kuyajua mimi mwenyewe kwa njia ngumu.

Mwaka 2001 nilizaa mvulana. Alipokuwa na miezi saba, mikono na miguu yake ilivimba kama mikate.

Sikulia. Niliganda. Nilimwona Jaduong' palepale. Mama mkwe wangu alikuwa amekwisha kusikia habari za ukoo wetu, akasema ni wazi mzigo wa babu yangu umeingia katika nyumba ya mwanawe. Nilijua mwisho wa maneno hayo. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikampeleka hospitali kabla kikao cha wazee hakijaitishwa.

Muuguzi mmoja, Mungu ambariki, alinikalisha baada ya majibu kutoka. Alichukua kipande cha karatasi, akachora mwanamume na mwanamke, na chini yao watoto wanne. Akaniambia mwanangu ana ugonjwa wa selimundu. Chembechembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni mviringo, kwake hupinda kama mundu wa kuvunia, zikaziba mishipa midogo, ndiyo sababu ya yale maumivu. Mtoto hupata ugonjwa huu akirithi sehemu moja kwa baba na sehemu moja kwa mama. Anayerithi sehemu moja tu kwa kawaida haumwi, lakini aweza kuipitisha. Wazazi wawili wa namna hiyo wakikutana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuwa na mtoto mgonjwa.

Nilimwuliza, "Kwa hiyo si upande wangu peke yake?"

Akasema, "Haiwezekani ikawa upande mmoja."

Ndugu msomaji, maneno hayo manne yalimfungua Mama yangu kutoka katika lawama ya miaka ishirini. Nadhiri ya babu ilikuwa ya upande mmoja tu. Ugonjwa ulihitaji pande mbili.

Tangu hapo nimesoma kila ninachopata. Mtu wa kwanza kuelezwa katika maandishi ya udaktari wa Magharibi kuwa na chembechembe hizi alikuwa mwanafunzi kutoka Grenada aliyetibiwa Chicago, na habari zake zilichapishwa mwaka 1910. Lakini Afrika iliujua zamani. Daktari wa Ghana, Felix Konotey-Ahulu, aliufuatilia ugonjwa huu katika ukoo wake mwenyewe, kizazi baada ya kizazi, mpaka mwaka 1670. Hebu fikiria ni nadhiri ngapi zilizolaumiwa katika muda huo wote.

Kisha kuna jambo moja lililonifanya niiweke chini karatasi niliyokuwa nikisoma. Daktari Anthony Allison, Mwingereza aliyekulia hapa Kenya, alizunguka Afrika Mashariki akipima damu za watu. Aliona kwamba wenye sehemu moja ya urithi huu ni wengi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 akaeleza sababu: sehemu hiyo moja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Palipo na mbu wengi, wenye damu hiyo waliokoka, wakazaa, wakairithisha.

Sasa kumbuka yule mtoto wa miaka mitano, akitetemeka mikononi mwa babu usiku ule wa mwaka 1951. Baba yangu alikuwa na sehemu hiyo moja. Tunajua, maana bila hiyo Jaduong' asingeugua. Huenda basi kilichomwokoa Baba ndicho hicho kilichomuua mwanawe. Huenda ombi la babu lilikuwa limekwisha kujibiwa ndani ya damu ya mtoto kabla babu hajapiga magoti, na gharama yake haikuwa mabati.

Je, nadhiri ni upuuzi? Sijasema hivyo. Mimi ni mtu wa kanisa hadi leo. Nimesoma katika Kutoka kwamba uovu wa baba hupatilizwa kwa wana hata kizazi cha tatu na cha nne, lakini nimesoma pia Ezekieli sura ya 18, ambapo nabii anawakatalia watu kuendelea kusema kwamba baba akila zabibu chungu, meno ya watoto ndiyo yanayoumia. Mhubiri anatuonya kwamba ni heri kutoweka nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Lakini anasema na aliyeiweka, hasemi na mjukuu. Jirani yangu Mwislamu naye alinieleza kwamba Kurani, katika sura ya Al-Maida, imeweka kafara ya kiapo kilichovunjwa: kulisha maskini kumi, au kuwavika, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Mrithi anaweza kumlipia marehemu nadhiri yake, akasema, na ni wema mkubwa. Wema, si adhabu.

Mwaka 2010, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, nilimpelekea Baba ile karatasi ya muuguzi. Ilikuwa imechakaa kwa kukunjwa. Nilimweleza polepole, kama nilivyoelezwa. Aliishika muda mrefu, kidole chake kikitembea kutoka kwa mwanamume hadi kwa yule mtoto wa nne.

"Kwa hiyo hakuwa Mzee," akasema.

"Hakuwa Mzee, Baba. Alikuwa mtoto tu."

Alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata mwaka 1987. Baada ya kitambo alijifuta, akasema, "Lakini yale mabati, nilifanya vyema kuyapeleka. Mzee alikuwa ametoa neno lake." Kisha akamwita Mama kutoka jikoni, akamwomba msamaha mbele yangu.

Nafikiri Baba alifika mahali ambapo mimi sikuwa nimefika. Ahadi ya marehemu unaweza kuilipa kwa kumheshimu. Lakini mtoto mgonjwa si stakabadhi ya deni la mtu. Kilichovuka kutoka kwa babu hadi kwetu kilikuwa ni damu yake, na hofu yetu. Damu haina kosa. Hofu ndiyo iliyotukalisha nyumbani usiku mzima huku hospitali ikiwa hatua chache.

Mwanangu wa 2001 sasa ni kijana, hutengeneza simu karibu na daraja la juu la Kondele. Hunywa dawa zake kila siku, hunywa maji mengi, hulala ndani ya neti, na homa ikimshika hatusubiri kupambazuke. Siku akiumwa anaumwa kweli. Lakini hajawahi kuniuliza alikataa kulipa nini.

Vijana mnaosoma haya, hasa ninyi mliotoka kandokando ya Ziwa na pwani, pimeni damu kabla hamjapanga harusi. Si kwa ajili ya kuachana. Ni kwa ajili ya kujua. Nanyi wazazi, msiwaache watoto nyuma ya pazia wakisikiliza hukumu zao.

Na yule mchumba? Baada ya kumweleza yote haya, alikaa kimya, akamalizia chai iliyokwisha kupoa. Kisha akasema, "Mama, kesho asubuhi tutakwenda wote wawili."

Walikwenda. Majibu ni yao, nami sitayaweka gazetini. Nitasema tu kwamba walirudi nyumbani wakiwa wameshikana mikono, na kwamba safari hii hakuna aliyeuliza nani alaumiwe.